Lalamiko Kuhusu Madoa ya Uso Wangu na Dirisha Linalotazama Magharibi

Mahajanga, Jumatatu asubuhi,
katika chumba cha majalada ya zamani

Kwa Madamu Kalozara,
Mkuu wa Ofisi ya Vizazi na Vifo

Mheshimiwa Madamu,

Kabla sijasema neno, naondoa lawama. Mimi si mkubwa wa kusimama mbele ya wakubwa, wala si mdogo aliyetumwa na wakubwa kuwasemea. Wako walionitangulia kuzaliwa, wako walionitangulia kuajiriwa, na yuko Mzee Tombo, mlinzi wetu, aliyenitangulia kwa yote mawili na ambaye hajawahi kulalamika isipokuwa kuhusu magoti yake. Kama neno langu litavuka mpaka, lawama iniangukie mimi, isiwaangukie wazazi wangu, wala Mama Mkubwa Toanjara aliyenilea, wala chuo kilichonipa cheti. Na ikionekana kwamba lawama ni nzito kuliko mabega yangu, basi naomba igawanywe.

Baada ya hayo, naomba kwa unyenyekevu kurudishwa kwenye dirisha la mbele. Sababu zangu nimezipa namba, kama ulivyotufundisha, ili Madamu aweze kukataa moja bila kusumbuka kusoma nyingine.

1. Kuhusu madoa yenyewe.

Madamu anajua kwamba niliajiriwa nikiwa na chunusi. Sikuzificha, zilikuwa kwenye picha ya ombi langu la kazi, na katika picha ile zilionekana kuliko mimi. Chunusi zenyewe zimekwisha kuondoka, lakini zimeondoka kama wageni wanaoacha mizigo yao kwa mwenyeji. Palipokuwa na chunusi sasa pana doa, rangi ya kahawa iliyoungua: mengi shavu la kushoto, machache la kulia, na moja kubwa la kidevuni, ambalo asili yake ni chunusi niliyoitumbua kwa kucha asubuhi ya usaili, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi wakati nikisubiri kuitwa.

Ofisi imeyapokea madoa haya kwa ukarimu. Bi Soalaza wa meza ya pili huniuliza, "Jaovelo, nzi walikuwa na mkutano usoni kwako? Wameafikiana?" Mzee Tombo hunitetea kwa kusema, "Mwacheni mtoto. Chui hachekwi kwa madoa." Utetezi huo huwachekesha watu zaidi. Na Madamu mwenyewe, siku ile ya ukaguzi, mbele ya wageni, ulisema, "Kijana, uso wako una mihuri mingi kuliko hati zangu zote." Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa mkuu akitania, karani hucheka. Nilipofika nyumbani nilijaribu tena kucheka, peke yangu, ili nione kama ilikuwa inachekesha. Sikufaulu.

2. Kuhusu dawa nilizopewa bila kuomba.

Bi Soalaza alinishauri nipake maji ya limau kisha nikae palepale dirishani, "jua lilipike doa mpaka lichoke." Madamu, dirisha la mbele linatazama magharibi. Kuanzia saa ya chakula cha mchana jua huingia bila hodi na kukaa mapajani mwa karani mpaka tunapofunga. Limau liliwasha, jua likapika, na madoa yakaiva. Yalikuwa kahawa; yakawa ukwaju.

Bwana Andriambelo, mwenzetu aliyehamishiwa hapa kutoka nyanda za juu, alinipa dawa ya meno. Kwa siku kadhaa shavu langu lilinukia vizuri kuliko kinywa changu. Kisha mchuuzi mmoja aliniuzia kopo lisilo na jina, lenye picha ya bibi mweupe anayecheka peke yake. Mama Mkubwa alilifungua, akanusa, akalitupa mtaroni, na bata waliokuwa mtaroni wakahama. "We Jaovelo," akasema, "unataka kufuta madoa au kufuta uso? Hiyo itakuchuna, halafu utakuja hapa kunililia na uso wa rangi tatu."

Hapo ndipo alipochukua kipande chake cha mti wa masonjoany, ule wa liwa ya usoni, akaketi mbele ya jiwe, akatia maji, akasugua, kama anavyowasugulia wanawake wote wa soko la Mahabibo. Aliponipa uji wenyewe alinipa na masharti: usikwangue, usitumbue, usikae juani, subiri. "Doa ni kama mgeni wa msibani," akasema. "Ukimsukuma, ndiyo kwanza anatandika mkeka. Mwache, atajiondokea." Nikamuuliza ataondoka lini. "We si ndiye karani? Mwambie arudi Alhamisi."

3. Kuhusu ubaguzi.

Wanawake wa ofisi hii, Madamu akiwa wa kwanza, huja kazini siku za jua kali wamejipaka masonjoany uso mzima, wa manjano kama embe dodo, na hakuna anayegeuza shingo. Madamu mwenyewe hupiga mhuri ikiwa imekukauka usoni, na ndiyo maana siku hizo hututanii, usije ukapasuka. Sisemi haya kwa ubaya. Nasema tu kwamba hakuna mwananchi aliyewahi kumwona Madamu akiwa wa manjano akaondoka na wazo lolote lisilokuwa la hati yake.

Mimi ni mwanamume. Sikuthubutu kupaka uso mzima. Nilifikiri sana, Madamu, labda kupita kiasi, na nikaona njia ya katikati: kupaka juu ya kila doa tu, tone moja kwa ncha ya kidole, na kuacha ngozi nzima ipumue kati ya tone na tone. Mti hautumiki sana, dawa inafika inapotakiwa, na mwanamume anabaki mwanamume. Nikatoka nyumbani. Uji, niliokuwa nimeuzimua kwa maji mengi, ukakauka njiani ukawa mweupe. Sikujiuliza hata mara moja ni nani hasa katika mji wetu anayeonekana hadharani na matone meupe yaliyopangwa usoni, na ni nani humpanda kichwani mtu huyo.

4. Kuhusu mfalme.

Wa kwanza dirishani alikuwa Mzee Bemanana wa ng'ambo ya mto, aliyekuja kuandikisha mjukuu. Aliinama kwenye tundu ili aseme jina, akauona uso wangu, akarudi nyuma, akavua kofia, akavua ndala. "Koezy!" akasema. Salamu hiyo hapewi karani, Madamu. Hapewi hata meya. Ni ya wafalme: walio hai, na wale waliokwisha kuondoka ambao hurudi kuketi juu ya kiti wanayemchagua miongoni mwa watu, na kiti huyo hujulikana kwa matone meupe usoni.

Nilimjibu kwa adabu, "Mzee, mimi ni Jaovelo, mtoto wa mdogo wake Toanjara, yule wa sokoni."

Akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Mmemsikia? Anajificha nyuma ya jina la kiti chake. Wakubwa ndivyo walivyo."

Foleni nzima ikavua viatu.

Madamu, mimi ni mtoto wa hapa na naiheshimu mizimu ya wafalme wetu. Kwa hiyo niliogopa mara mbili. Niliogopa kuwaacha watu waamini kwamba mfalme yupo, na niliogopa kusema kwa sauti kwamba hayupo, pengine anasikia. Nikafanya jambo moja tu nililosomea: niliendelea na kazi. Mama mmoja alininong'oneza akitaka kujua kama atajaliwa mtoto. Nikamjibu kwa mazoea, "Lete nakala mbili." Alipiga kigelegele mpaka Bi Soalaza akamwaga wino. "Mapacha! Kasema mapacha!" Ndugu wawili waliokuwa wakigombea ng'ombe wa marehemu baba yao walitaka niwaamulie. Nikawaambia, "Rudini Alhamisi." Wakakumbatiana wakilia, kwa sababu marehemu alifariki siku ya Alhamisi, na ni nani mwingine angejua? Nilipoomba maji ya kunywa nililetewa asali na chupa ya ramu. Nilipoikataa ramu walinong'onezana kwamba kumbe huyu ni mmoja wa wale wafalme Waislamu, wakaniletea maziwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Bibi Soafara, mkunga msaidizi wa zahanati, ambaye kila Jumanne huleta karatasi za watoto ambao mama zao hawajaweza kutembea, ndiye mtu pekee ambaye hakuvua viatu. Alisubiri zamu yake, akainamia tundu la dirisha, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Kaka, usikunje uso. Inabanduka hapo kidevuni." Kisha akanisomea majina ya watoto wake, nami nikamuuliza kila jina mara tatu kama kawaida yangu, naye akanijibu mara tatu kama kawaida yake. Nalitaja hili kama ushahidi tu.

5. Kuhusu chumba cha nyuma.

Madamu ulitoka ofisini kwako, ukaziona jozi za viatu, ukaona maziwa, ukaniona mimi. Maneno yako nayakumbuka yote: "Inuka. Nenda nyuma. Kaa huko jua lisikufikie, na mikono yako ishike majalada, isishike uso." Wezi huambiwa maneno laini kuliko hayo. Jua lisinifikie! Hata wafungwa wa gereza letu hutolewa nje asubuhi.

Tangu mvua za kwanza nimo humu, na sasa maembe yamekwisha sokoni. Chumba hakina dirisha. Kina vitabu vya waliokufa, na kina panya, ambao wameanza kula waliokufa zamani zaidi, kwa heshima ya umri. Kila asubuhi napaka masonjoany uso mzima kwa kuwa hakuna wa kuniona. Sigusi kidevu kwa kuwa mikono imejaa vumbi. Na jioni nanawa na kwenda nyumbani, jua likiwa limekwisha kuzama, na kioo sijakitazama tangu siku ile ya maziwa. Haya si maisha ya kijana aliyesoma.

Katika dirisha langu ameketi Bwana Andriambelo. Simsemi vibaya. Lakini yeye hulisikia jina mara moja na kuliandika mara moja, na masikio yake bado yako nyanda za juu. Ukuta ni mnene, ila sauti ya Bibi Soafara hupita. Jumanne iliyopita nilimsikia akisema, "Kaka, umemwandika baba kwenye nafasi ya mama. Mwezi ujao nimzalishe yeye?" Jumanne ya kabla yake mtoto wa kiume alitoka hapa akiwa wa kike. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ukuta, nimeshika kitabu cha vifo, na nilijua jinsia sahihi.

Kwa hiyo, nikiomba dirisha langu, naomba kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu za serikali. Sina nia nyingine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu Mzee Tombo amekuwa akisema mengine, na amekuwa akiyasema kila Jumanne, akiweka sikio lake ukutani karibu na langu.

6. Kuhusu mwenye mali.

Hapa naomba Madamu anifuate taratibu. Madoa yalikuja na chunusi, na chunusi zilikuwa zangu, hilo silikatai. Lakini weusi wake uliongezwa na jua. Jua liliingia kwa dirisha la serikali. Nami nilikuwa nimeketi mbele ya dirisha hilo kwa amri ya serikali, kwenye kiti cha serikali, saa za serikali. Basi ule weusi ulioongezeka ni mali ya serikali. Unapaswa kuandikwa kwenye orodha ya mali, baada ya feni isiyozunguka na kabla ya kabati lisilofunguka. Na kama ni mali ya serikali, karani hawezi kuadhibiwa kwa kuibeba, Bi Soalaza hawezi kuicheka bila kibali, na siku ikipotea lazima mtu atie saini.

Kutokana na hayo, naomba lifanyike mojawapo kati ya haya.

Kwanza, watumishi wote, kuanzia Madamu hadi Mzee Tombo, wapake masonjoany uso mzima saa za kazi. Wananchi wakiona wote ni wa manjano, hakuna atakayedhaniwa mfalme. Na wakitudhania sote wafalme, watavua viatu, sakafu itabaki safi.

Hilo likishindikana, dirisha liwekewe pazia la ukindu lenye matundu mawili, moja la mkono wa karani na jingine la sauti yake.

Pazia likishindikana, jengo ligeuzwe litazame mashariki. Nimelipima kwa macho. Utahitajika kuondolewa mnazi mmoja tu, na mnazi huo hauzai.

Na jengo likiwa zito, naomba Madamu aandike makao makuu ili jua la mchana lihamishiwe ofisi ya kodi, ambako wananchi hawapendi kukaa muda mrefu hata sasa.

Naishia hapa, nikiwa na hofu ileile niliyoanza nayo, ila sasa imepangwa kwa namba. Msalimie bwana wa nyumbani, na mama mkwe wako ambaye nasikia meno yamepoa. Salamu kwa Bi Soalaza na malimau yake. Kwa Bwana Andriambelo na masikio yote mawili. Kwa Mzee Tombo na magoti yote mawili. Kwa Mzee Bemanana wa ng'ambo, na mumwambie mjukuu wake bado hajaandikishwa. Na kwa yule mama wa nakala mbili, kama atapita tena, mumpe kiti kwanza.

Mimi mtumishi wako wa chumba cha nyuma, asiyefikiwa na jua,

Jaovelo Tsaralaza
Karani

Nyongeza, Jumanne jioni.

Madamu, barua hii sikuileta jana. Nilifika mlangoni kwako, nikasikia unakohoa, nikarudi.

Leo mchana Bwana Andriambelo alikwenda kula akachelewa, foleni ikaanza kunung'unika, na Mzee Tombo akaja kunishika mkono, akanikalisha kwenye kiti cha mbele. "Kaa, mwanangu. Hawang'ati." Kisha akaniinamia pale juani, akanigeuza uso huku na huku kama mtu anayechagua tikiti maji. "Yako wapi?" akauliza. Nikamuuliza nini. "Madoa, bwana!" Akatoa kioo chake cha kunyolea.

Madamu, hayapo. Limebaki lile la kidevuni, nalo limefifia limekuwa kama kivuli cha nzi aliyekwisha kuruka.

Mzee Tombo alicheka mpaka akashika magoti. "Ulidhani kile chumba ni jela? Madamu alipokuwa karani msichana alikaa dirisha hilihili, na mashavu yake yalikuwa kama yako. Mkuu wa wakati huo akampeleka huko nyuma. Wewe ulidhani jua lisikufikie ni matusi?" Kwa hiyo naomba radhi, na sababu yangu ya tano naiondoa. Ya sita pia naiondoa, kwa kuwa mali imepotea na sitaki kuwa mtu wa kutia saini. Ya kwanza naomba ibaki, kwa ajili ya Bi Soalaza.

Ningeishia hapo kwa furaha, lakini leo ni Jumanne.

Bibi Soafara alifika dirishani nikiwa bado nimeshika kioo. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena. "Kaka, samahani. Yule kijana wa madoa yuko wapi? Yule mwoga, anayeuliza jina mara tatu. Tangu mmwondoe hapa mmeniharibia watoto." Nilifungua mdomo niseme ni mimi, lakini hofu ilikuwa imeshafika kabla yangu. Akanitazama vizuri zaidi. "We ni ndugu yake? Mnafanana. Ila yeye ana uso ambao mtu hausahau."

Nikasema ndiyo. Madamu, nilisema ndiyo.

Akapitisha kwenye tundu mokary, vile vitumbua vya mchele na nazi, za moto, zimefungwa kwa jani la mgomba. "Basi mpelekee. Zake hizi, usimlie. Na umwambie Jumanne nitakuja, nataka kumwona yeye mwenyewe, sitaki ndugu." Nimezila zote, humu nyuma, mlango umefungwa. Zilikuwa zangu, na nimezila kama mwizi.

Kutokana na hayo, naomba Madamu ayafute maombi yote yaliyotangulia na badala yake aidhinishe haya. Nirudishwe dirishani kuanzia kesho, hasa saa za mchana. Pasiwekwe pazia. Kiti kisogezwe mbele, juani. Jengo lisiguswe, na mnazi uachwe. Masonjoany nitaiacha nyumbani. Mama Mkubwa Toanjara asiambiwe. Jua likifanya bidii kama ilivyokuwa zamani, huenda ifikapo Jumanne madoa mawili matatu yakawa yamerudi, na hayo yatatosha.

Lakini kwa kuwa dawa ya Mama Mkubwa ni nzuri na naogopa hayatarudi, nakumbusha kwamba ofisi yetu humpa hati mtu ambaye jina lake limeandikwa kwa namna mbili, ili kuthibitisha kuwa wawili hao ni yeye mmoja. Naomba nami nipewe hati hiyo, yenye saini ya Madamu na mhuri ulio wazi, ikithibitisha kwamba karani mwenye madoa na karani asiye na madoa ni mtu mmoja, kwamba hana ndugu wa kiume, na kwamba mokary zimemfikia.

Nakala mbili, tafadhali: moja ya jalada, na moja nitaipitisha mwenyewe kwenye tundu la dirisha.